Maharage mekundu: yachemke kwanza ndo uyaweke kwenye jiko kapu

Kwa wanaobana gesi na jiko kapu (lile kapu la kutunza joto, chakula kinamalizia kuiva bila moto), au zile sufuria za umeme za kupika polepole usiku kucha: maharage mekundu usiyatie humo yakiwa mabichi hata kama umeyaloweka. Yaloweke masaa 5 au zaidi, maji mwaga (usipikie hayo hayo jamani), weka mapya halafu chemsha motoni yatokote kwelikweli, dakika 10 ndo chini kabisa ila mi naacha 30, baada ya hapo ndo uyahamishie kwenye kapu yamalizie kuiva.

Sababu ni kwamba yana sumu ya asili, lektini, na hiyo inavunjwa na moto mkali tu, sasa kwenye nyuzi 75 au 80 haivunjiki na inaweza hata kuwa kali kuliko kwenye maharage mabichi. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha, ndani ya masaa 1 mpaka 3 unatapika vibaya, tumbo linakata na kuharisha juu. Kwahiyo hata ile tabia ya kuonja punje kuona kama zimelainika, subiri kwanza zitokote vya kutosha.

Presha kuka haina shida, ya kopo pia yameshapikwa. Ila kama unakaa milimani maji yanachemka kwa joto la chini, ongeza muda. Na gesi ya tumbo hii haiimalizi, hiyo ni kesi nyingine kabisa 😅