Kumzuia mtoto wa Blue Heeler asiume visigino

Mbwa huyu wa Australia alizalishwa aswage ng'ombe kwa kuwang'ata visigino, ndiyo maana akiona watoto wa nyumbani wakikimbia uani huwavamia miguuni. Usimpige wala usipige kelele. Kwake huo ni mchezo, atazidi. Simama tuli, mikono chini. Akiachia tu, msifu papo hapo, mpe kipande cha kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kidogo kama punje ya hindi, kisha mpe kamba aitafune. Mazoezi ya dakika 5, mara 3 kwa siku, yatosha.

Punguza mlo wake kwa kiasi cha vipande hivyo, maana akikosa kazi hunenepa, na uzito huumiza nyonga. Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa: huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.