Jinsi ya kugawa oda ya nguo kati ya kiwanda cha mbali na cha karibu

Nguo iliyobaki rafuni kila mtu anaiona. Mteja aliyeingia, akakosa saizi yake, akatoka, haonekani kwenye daftari lolote. Ndiyo maana wanunuzi wengi wa maduka ya nguo, yaani wale wanaoagiza mzigo wa duka, hupigania bei ya kiwandani tu, ilhali fedha nyingi zaidi zinapotelea kwenye idadi iliyokosewa.

Anza na hesabu ya mtindo mmoja. Tuseme ni blauzi mpya. Kiwanda cha mbali kinaifikisha bohari kwa 10 (sarafu yoyote ile), ila oda inafungwa miezi sita kabla na haina nyongeza. Kiwanda cha karibu kinataka 12, kinatoa mzigo kwa wiki tatu na kinapokea oda ndogo. Dukani inauzwa 22, na zitakazobaki msimu ukiisha zinaondolewa kwa 4. Kule mbali unaagiza 1,000 kwa mkupuo. Hapa karibu unaanza na 300, unaongeza kadiri zinavyotoka, na unamaliza msimu ukiwa na mabaki 50 hivi.

Zikiuzwa 600 kwa bei kamili, kiwanda cha mbali kinakupa faida ya 4,800 na cha karibu 5,600. Zikiuzwa 800, mambo yanageuka: mbali 8,400, karibu 7,600. Mpaka ni vipande 700, ambapo vyote viwili vinatoa 6,600. Kuna na mpaka wa pili ambao wengi huusahau: blauzi ikipendwa ikapita 1,240, kiwanda cha karibu kinashinda tena, kwa sababu oda ya mbali iliishia 1,000 na faida yake ikakwama kwenye 12,000. Kwa hiyo swali la kumuuliza mnunuzi si "nani ana bei nafuu?" bali "una uhakika gani kwamba tutauza kati ya 700 na 1,240?" Rudia hesabu hiyo kwa bei zako, mipaka itahama.

Uhakika huo unapimika. Wape watu wanne au watano wanaojua wateja karatasi, kila mmoja aandike peke yake idadi anayotarajia kwa kila mtindo. Wasikae mezani pamoja, kwani mwenye cheo akishasema 900 wote watasema karibu na 900. Namba zikikaribiana, mtindo huo unatabirika, peleka mbali. Zikitawanyika, mmoja 300 mwingine 1,500, peleka karibu. Sport Obermeyer, kampuni ya Marekani ya nguo za kuteleza kwenye theluji, iliitumia njia hii na kuona kwamba pale wakadiriaji walipotofautiana sana ndipo makadirio yalipokosewa sana. Kwa kawaida fulana nyeusi, soksi na shati jeupe hutua upande wa mbali bila mjadala.

Weka akiba ya kitambaa, si ya nguo

Wiki tatu za kiwanda cha karibu zinawezekana tu kitambaa kikiwepo. Kushona shati ni kazi ya dakika. Kufuma kitambaa, kukitia rangi na kukisafirisha huchukua wiki kadhaa. Ukisubiri mauzo ndipo uagize kitambaa, nyongeza itafika msimu umekwisha.

Chagua kitambaa kimoja kinachofaa mitindo miwili au mitatu, kisha nunua mita za msimu mzima mapema bila kuamua zitakuwa nguo gani. Blauzi inayokula mita 1.5, kwa vipande 1,000, inahitaji mita 1,500. Ongeza asilimia 5 ya kasoro na vipande vya mwisho wa jora, unapata 1,575. Ukiweza, sehemu ya kitambaa kikae bila kutiwa rangi. Benetton walijulikana kwa kufuma sweta kwa uzi usio na rangi na kuzitia rangi baadaye, soko likishaonyesha linataka nini. Zara nao hununua kitambaa kingi kisichotiwa rangi na kushona mitindo yao ya haraka Hispania, Ureno, Moroko na Uturuki, karibu na bohari zao.

Jihadhari na mambo mawili hapa. Rangi ya mkupuo wa pili mara nyingi hailingani sawasawa na ya kwanza, hata fomula ikiwa ileile. Kwa hiyo andika namba ya jora kwenye kila fungu la vipande vilivyokatwa, na usikubali mkono na kifua vitoke majora tofauti. Pili, kitambaa cha pamba hunywea kikifuliwa. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kila mkupuo, ufue na kukausha, upime tena. Sentimita 50 zikirudi hadi 48, hiyo ni asilimia 4, na patani (kiolezo cha kukatia) lazima irekebishwe kabla ya kukata. Na usisahau vifungo, zipu na lebo: kitambaa kikiwa tayari na zipu haijafika, cherehani zinasubiri vilevile.

Soma mauzo ya siku 14 za kwanza, lakini uyasome vizuri

Nyongeza inaamuliwa hapa, na ripoti ya mauzo inadanganya. Tuseme saizi M imeuza 12 na L imeuza 14. Ukiangalia haraka, utaongeza L. Sasa tazama siku: M ziliisha siku ya nne, L zilikuwepo siku zote 14. M ilikuwa inatoka 3 kwa siku, L moja kwa siku. Kama M zingekuwepo, zingekaribia 42. Siku zote gawanya mauzo kwa siku ambazo saizi ilikuwepo rafuni, si kwa siku za kalenda. Punguza kidogo matokeo hayo, maana siku za ufunguzi huwa na msukumo wake.

Usipeleke mzigo wote madukani siku ya kwanza. Gawa kama asilimia 60, iliyobaki ikae bohari ikifuata mauzo. Ukimwaga yote, M zitaisha duka moja huku zikilala duka jingine, na kuzihamisha kunakula faida. Duka lililobakiwa na saizi za pembeni tu, ndogo sana au kubwa sana, liutoe mtindo huo mbele, libandike mwingine.

Ukaguzi

Haraka isikufanye upokee mzigo bila kuukagua. Kwa kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa sampuli, ISO 2859-1, ukaguzi wa kawaida wa daraja la II, mzigo wa vipande 501 hadi 1,200 unatolewa sampuli 80. Kwa kikomo cha ubora kinachokubalika (AQL) cha 2.5, kasoro 5 unapokea, 6 unakataa. Chagua mwenyewe makatoni ya kufungua, likiwemo la chini kabisa. Usifungue yale uliyosogezewa.

Makubaliano na kiwanda cha karibu

Kiwanda hakiwezi kukuwekea nafasi bure. Badala ya kuahidi mitindo, lipia uwezo: kwa mfano siku kumi za laini moja ya ushonaji kila mwezi, na mtindo utautaja wiki tatu kabla. Usipozitumia siku hizo, unalipa sehemu iliyokubaliwa. Ni gharama, na iingizwe kwenye ile 12 tangu mwanzo, la sivyo hesabu ya mipaka itakudanganya.

Andika pia siku ambayo mabadiliko yanafungwa. Mnunuzi anayebadili rangi siku mbili kabla ya kukata, bila kusogeza tarehe ya kupokea, ndiye anayekisukuma kiwanda kupeleka kazi kwa karakana za kificho. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilipoporomoka Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, baadhi ya kampuni hazikujua kwamba nguo zao zilikuwa zikishonwa humo. Mkataba utaje jengo la kushonea kwa anwani, na mkaguzi wako afike hapo vipande vikiwa bado mezani.