Kuweka usimbaji mmoja wa herufi katika logi za seva

Jina la Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, linatosha kuonyesha tatizo la kuchanganya usimbaji, yaani njia ya kugeuza herufi kuwa baiti, katika logi, faili ambamo programu huandika kumbukumbu za kazi zake. Ritifaa iliyonyooka ('), ile ya kibodi ya kawaida, ni baiti moja (27 kwa heksadesimali), na husomeka vilevile katika aina mbili za usimbaji, UTF-8 na Windows-1252. Lakini Word na simu za iPhone huigeuza zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda (’), ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99, na katika Windows-1252 ni baiti moja tu, 92. Programu mbili zikiandika jina hilo katika logi moja, kila moja kwa usimbaji wake, mtu anayetafuta malipo ya mteja wa Ng'ambo ataiona mistari michache tu na kuamini kwamba mingine haikuandikwa.

Chagua UTF-8 bila BOM, yaani baiti za kutambulisha usimbaji mwanzoni mwa faili, na uichague kwa mafaili yote. Sababu kubwa ni kwamba UTF-8 ina kanuni kali za mpangilio wa baiti, kwa hiyo maandishi yaliyosimbwa vibaya hugundulika mara nyingi, ilhali usimbaji wa zamani wa ISO-8859-1 hukubali baiti yoyote ile na kosa hupita kimyakimya.

Baada ya hapo, utaje usimbaji huo waziwazi kila mahali panapoandikwa logi, wala usiyaachie mazingira ya mfumo yaamue. Katika Python, andika `FileHandler("programu.log", encoding="utf-8")`. Katika Logback, maktaba ya Java ya kuandika logi, weka `<charset>UTF-8</charset>` ndani ya `encoder`. Java imeifanya UTF-8 kuwa chaguo-msingi tangu JDK 18 ya mwaka 2022, lakini `System.out` bado hufuata usimbaji wa dirisha la amri, na seva nyingi zingali zinatumia matoleo ya zamani.

Makosa mengi, kwa maoni yangu, huzaliwa kwenye cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba. Skripti ikijaribiwa kwa mkono hurithi `LANG` ya mtumiaji, yaani mpangilio unaotaja lugha na usimbaji, na kuandika vizuri. Ikiendeshwa usiku na cron, ambayo huipa mazingira finyu sana, huenda ikaandika alama za kuuliza au ikasimama kabisa. Weka `LANG=C.UTF-8` juu ya crontab (faili la ratiba ya cron), na `Environment=LANG=C.UTF-8` katika faili la huduma ya systemd, programu inayosimamia huduma za Linux. Kwenye Windows, jihadhari na PowerShell 5.1, kwa kuwa alama ya `>>` huongeza maandishi ya UTF-16, ambayo huandika herufi za kawaida kwa baiti mbili, moja ikiwa sifuri, mwishoni mwa faili bila kuangalia lilisimbwa vipi. PowerShell 7 huandika UTF-8.

Seva za wavuti zina desturi yake. Katika logi ya maombi, nginx huandika baiti zilizo nje ya ASCII (herufi za msingi za Kiingereza) kwa namna ya `\xE2\x80\x99`, na Apache hufanya vivyo hivyo kwa herufi ndogo, `\xe2\x80\x99`. Utaratibu huo ni salama, na ningeuacha ulivyo. Ukichagua `escape=json` katika nginx, baiti hizo hupita bila kuguswa, pamoja na zile mbovu ambazo mtu yeyote anaweza kuzituma katika kichwa cha ombi, kwa hiyo programu inayokusanya logi lazima izikague.

Mafaili ya zamani yanahitaji subira. Tafuta kwanza mabaki ya UTF-16 kwa `grep -naP '\x00' programu.log`, kwa sababu baiti sifuri ni halali katika UTF-8 na haitanaswa baadaye; mistari hiyo ishughulikiwe peke yake. Kisha, ukiwa katika mazingira ya UTF-8, amri ya `grep -naxv '.*' programu.log` itakuonyesha mistari isiyo halali. Usilipitishe faili zima katika `iconv`, amri ya kubadilisha usimbaji, maana mistari iliyokuwa sahihi itageuzwa mara ya pili na kuharibika. Geuza mstari mmoja mmoja, na faili la asili ulihifadhi:

```
with open("programu.log", "rb") as asili, open("safi.log", "wb") as safi:
    for mstari in asili:
        try:
            mstari.decode("utf-8")
        except UnicodeDecodeError:
            mstari = mstari.decode("cp1252", "replace").encode("utf-8")
        safi.write(mstari)
```

Usimbaji mmoja hauzifanyi ritifaa mbili kuwa moja: iliyonyooka na iliyopinda zinabaki herufi tofauti, na utafutaji wa `grep "Ng['’]ambo"` ndio utakaozipata zote.

Mwishowe jaribu njia nzima. Ingiza jina lenye ritifaa iliyopinda kupitia fomu, kupitia kazi ya cron na kupitia huduma ya systemd, kisha utazame baiti zenyewe kwa `xxd`, amri inayozionyesha kwa heksadesimali, kwa kuwa dirisha la amri linaweza kukuficha ukweli. Unapaswa kuona `e280 99` au `e2 8099`, kutegemea zilipoangukia. Ukikuta mfululizo wa C3 A2 E2 82 AC E2 84 A2, unaosomeka kama â€™, kuna hatua iliyosoma UTF-8 kana kwamba ni Windows-1252 na kuisimba upya. Itafute na kuirekebisha hiyo kabla ya kugusa faili la logi.