Jinsi ya Kufasiri «Slaver»: Udenda au Utumwa?

Nilipokutana na neno *slaver* kwa mara ya kwanza katika kazi ya tafsiri, nilimgeuza mbwa wa watu kuwa mfanyabiashara wa watumwa. Tangu hapo hufuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: tazama sarufi kabla ya kufungua kamusi. Kiingereza kina maneno mawili yenye tahajia hiyo moja. Linalotamkwa karibu na «slava» ni la mate yatokayo kinywani, na linalotamkwa «sleiva» ni la mtu au meli ya biashara ya watumwa. Kwa kuwa maandishi hayana sauti, sarufi ndiyo itakayokuongoza: likiwa kitenzi, ni mate, likiwa nomino isiyohesabika, ni udenda wenyewe, likihesabika, ni lile la utumwa, ambalo utalikuta katika historia za Zanzibar na Bagamoyo.

Hatua ya pili: tenganisha asili zake. La mate liliingia katika Kiingereza cha Enzi za Kati, yaelekea kutoka lugha za Skandinavia, na hadi leo Kiaisilandi kina *slafra*. La utumwa lina shina katika *sclavus* ya Kilatini cha wakati huo, jina la Waslavi, watu wa Ulaya ya Mashariki, ambao wengi wao walitekwa wakauzwa. Hayana undugu wowote.

Hatua ya tatu: pima maana. Hapa ndipo penye kazi. Mtoto anayeota meno na mbwa aliyeona nyama hutokwa na udenda tu. Usiandike «kutema mate», kwani kutema ni kwa kukusudia. Lakini neno hili hubeba pia tamaa, na zamani lilibeba hata sifa za kujipendekeza. Katika tamthilia ya *Cymbeline*, Shakespeare analitumia kwa mabusu ya midomo iliyozoewa na kila mtu kama ngazi za Capitol, kilima mashuhuri cha Roma, na karaha ya msemaji iko wazi.

Kwa tamaa, kalamu hukimbilia «kumezea mate». Mimi huikwepa, maana anayemeza bado anajizuia, ilhali wa *slaver* ameshindwa na kinywa chake. Kwa hiyo, badala ya «aliimezea mate mali ile», huandika: «Aliikodolea macho mali ile, udenda ukimchuruzika hadi kidevuni.»