Kumwogesha mtoto ukiwa na tumbo la miezi minane

Usiiname. Beseni liwe chini, wewe kaa kwenye stuli, miguu uitanue, mtoto asimame katikati. Sabuni, taulo na nguo viwe karibu kabla hujamvua, maana kuinuka ni kazi. Wangu akishasuuzwa hukimbia uchi mpaka kwa jirani. Simfukuzi, namtuma dada yake.

Akitaka kubebwa, kaa kochini apande mwenyewe mapajani.

Mchana lala naye mkekani, kwa ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Mlaze mgongoni kwako. Mateke ya huyu wa ndani yanatosha.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au mtoto tumboni akipunguza kucheza, mwachie jirani watoto uende kituo cha afya. Kadi ya kliniki itundikwe juu. Yangu imeshachorwa kuku.