Acha kukariri fomula, hesabu elektroni za nje

Juzi namwelekeza mdogo wangu kemia ndo nikastuka, kumbe tulikuwa tunakariri bure. Cheki ganda la nje tu: alumini (2,8,3, yaani idadi ya elektroni kila ganda kutoka ndani) ana 3 za kutoa, oksijeni (2,6) anahitaji 2 zifike 8, sasa pishanisha hizo namba (3 iende kwa oksijeni, 2 kwa alumini) unapata Al₂O₃, inakubali sababu alumini 2 zinatoa 6 na oksijeni 3 zinapokea hizohizo 6, hamna anayedaiwa. Ukipata Mg₂O₂ (magnesiamu na oksijeni) punguza iwe MgO. Ila kwa chuma na shaba usijaribu, chuma mara anatoa 2 mara 3, hapo subiri swali likwambie. Kaboni na oksijeni nao wanachangia elektroni, hawapeani, na kuna CO na CO₂, ukitumia njia hii hapo utaumbuka.