Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Finisha ya Printa ya Ofisini

Finisha ni kile kitengo kinachosimama ubavuni mwa printa kubwa ya ofisini, ambacho hupokea karatasi zilizokwisha kuchapwa na kuzipanga, kuzipiga pini, kuzitoboa matundu au kuzikunja kuwa kijitabu kabla ya kuzishusha kwenye trei. Kwa kuwa kazi hiyo yote hufanywa na gia, mikanda, springi na rola, hitilafu zake nyingi ni za kimitambo, na nyingi kati ya hizo zinaweza kugunduliwa na mtu makini mwenye tochi na subira, hata kama matengenezo yenyewe yatamsubiri fundi.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni kuamini kwamba namba inayotokea kwenye kioo cha mashine inataja kifaa kilichokufa. Haiko hivyo. Mashine haioni kinachotendeka ndani yake. Ina vihisi tu, na kila kihisi kimewekewa muda wa kujibu. Namba ya hitilafu ya trei, kwa mfano, humaanisha kwamba mota iliamriwa kuipandisha trei na kihisi cha juu hakikujibu kwa wakati. Huenda mota imeungua, lakini huenda pia mkanda umeruka meno, gia imekatika jino, kijiti cha kihisi kimevunjika, au mtu amesukumia boksi la karatasi chini ya trei. Kwa hiyo ukiiona namba, jiulize mambo mawili: ni kitu gani kiliamriwa kutembea, na ni kihisi gani kilichokosa kujibu? Uchunguzi wote unaofuata hapa ni wa kujibu maswali hayo mawili.

Kabla ya kuingiza mkono

Zima mashine kwa utaratibu wake, chomoa waya wa umeme, ndipo ufungue milango. Trei inayopanda ina nguvu ya kubana vidole, na kichwa cha stepla hakitofautishi karatasi na ngozi. Vua tai, mkufu na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Usibane kamwe swichi ya mlango kwa kipande cha kadi ili mashine itembee ikiwa wazi. Swichi hiyo imewekwa kwa ajili ya mikono yako. Vifaa unavyohitaji ni vichache: tochi ndogo, bisibisi ya nyota, kibano kirefu, brashi laini, na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Acha mashine ikuoneshe eneo

Kama mashine bado inakubali kazi, usifungue skrubu yoyote kabla ya majaribio. Tuma kurasa 10 zitoke kwenye trei iliyo ndani ya printa yenyewe, ikiwa ipo, bila kupita kwenye finisha. Zikikwama hata hapo, tatizo liko ndani ya printa na finisha haihusiki. Zikitoka salama, tuma kurasa 10 nyingine zipite kwenye finisha bila pini wala matundu. Baada ya hapo tuma nakala tano za kurasa mbili mbili zikiwa zimepangwa kwa kupishana, kisha ongeza pini, kisha matundu. Kila hatua huamsha sehemu moja zaidi, na hatua inayoshindwa ndiyo inayokueleza pa kutafuta. Majaribio haya huchukua dakika chache tu, na yameniokoa mara nyingi nisifungue vifuniko visivyohusika.

Wakati wa majaribio hayo, itazame karatasi yenyewe. Printa ya leza hupitisha karatasi kwenye rola za kuyeyushia tona, yaani unga wa wino, zenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, na karatasi iliyokaa wazi ikafyonza unyevu hutoka hapo ikiwa imejipinda. Weka karatasi 10 zilizotoka juu ya meza iliyo bapa. Ncha zikiwa zimeinuka kwa zaidi ya sentimita moja, usiilaumu finisha kwanza: geuza karatasi zilizo kwenye kaseti, yaani droo ya karatasi ya printa, juu chini, au fungua rimu mpya, kisha jaribu tena. Karatasi iliyojipinda hugonga kingo, huchelewa kufika kwenye kihisi na hupangika vibaya, na kwa kioo cha mashine hayo yote huonekana kama hitilafu za finisha.

Karatasi inapokwama mlangoni

Finisha hushikamana na printa kwa komeo na vijiti vya kuongozea. Ikisukumwa na anayefagia, au ikisimama mahali ambapo sakafu imeinama, mdomo wake hauelekeani tena sawasawa na mahali karatasi inapotokea. Chuchumaa utazame nafasi iliyo kati ya vitengo viwili kuanzia juu hadi chini: inapaswa kuwa na upana uleule. Ikiwa pana juu na nyembamba chini, rekebisha miguu au magurudumu ya finisha mpaka nafasi ilingane. Dalili yake ni karatasi kukunjika kona ileile kila mara, au kuingia ikiwa imekwenda upande.

Karatasi iliyokwama ivute polepole kwa mikono miwili, kwa uelekeo ambao ingesafiri, huku ukizungusha kitufe cha mkono kama kipo. Ikichanika, usitupe vipande. Vipange juu ya meza mpaka karatasi ikamilike kama ilivyokuwa. Kona ikikosekana, kona hiyo imo ndani. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kutumia alasiri nzima kwenye finisha iliyodai kuwa ina karatasi kila ilipowashwa, ilhali njia yote ilionekana tupu. Nilipolaza tochi ubavuni ili mwanga upite sambamba na bati, niliona kipande kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kimesimama wima ndani ya pengo la kihisi. Tochi ikimulika moja kwa moja kutoka juu, kipande hicho hakionekani.

Vihisi vingi vya finisha vina umbo la herufi U: upande mmoja hutoa mwanga usioonekana, upande wa pili huupokea, na kijiti cha plastiki hukatiza mwanga huo karatasi inapokisukuma. Kisukume kijiti kwa ncha ya kidole na ukiachie. Kinapaswa kurudi chenyewe mara moja, bila kusita. Kikirudi kwa uvivu, springi yake imetoka kwenye ndoano au vumbi la karatasi limejaa kwenye ekseli. Kisafishe kwa brashi; usitie mafuta, kwa kuwa mafuta hushika vumbi na kuunda tope.

Ikiwa vihisi vinarudi vizuri na karatasi bado inachelewa, angalia rola. Mpira mzuri una mguso wa kushika; mpira uliochoka hung'aa na huteleza chini ya kidole. Ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo huku ukiuzungusha. Spiriti ya kusafishia huondoa uchafu mgumu, lakini ikitumiwa mara kwa mara hukausha mpira, kwa hiyo mimi huanza na maji daima.

Solenoidi inayonata

Hitilafu hii naieleza kwa urefu kwa sababu huwasumbua hata watu wazoefu, na huonekana kama ugonjwa wa kila sehemu nyingine. Ndani ya finisha kuna milango midogo inayoamua karatasi iende trei ya juu au ishuke kwenye stepla, na katika mashine nyingi milango hiyo huvutwa na solenoidi, yaani koili ya umeme inayogeuka sumaku na kuvuta bati dogo la chuma. Ili bati lisigonge kwa kelele, kiwandani hubandikwa kipande chembamba cha sponji. Miaka ikipita, sponji hiyo huoza na kugeuka gundi. Umeme unapokatika, bati halirudi papo hapo. Hung'ang'ania kwa sehemu ndogo ya sekunde, na muda huo unatosha karatasi inayofuata kuingia njia isiyo yake au kugonga ukingo wa mlango.

Alama zake ni hizi: karatasi ya kwanza hupita, ya pili au ya tatu hukwama; mashine ikipumzika kidogo, hali hutengemaa, kisha tatizo hurudi. Ili kuhakikisha, zima umeme, tafuta solenoidi iliyo karibu na mlango unaoshukiwa, bonyeza bati lake kwa kidole kisha uliachie taratibu. Ukihisi limenata hata kidogo, umepata chanzo. Ondoa mabaki yote ya sponji kwa spiriti na kitambaa, kisha weka kipande kipya kisichonata, chenye unene uleule. Kikizidi unene, bati halitavutwa kikamilifu, na utakuwa umeanzisha hitilafu mpya.

Stepla

Pini za stepla ya finisha huja zikiwa nyaya fupi zilizonyooka, zimegundishwa pamoja kama ubao mwembamba. Kichwa huzikunja kuwa umbo la pini, kisukumio huzipenyeza kwenye karatasi, na upande wa pili kuna kikunjio kinachozilaza miguu. Kwa hiyo itazame pini iliyopigwa vibaya kabla ya kuitazama stepla. Pini isiyokuwapo kabisa humaanisha kwamba katriji, yaani kisanduku cha pini, imekwisha au pini ya mbele imekwama mdomoni. Pini iliyopenya vizuri lakini miguu yake imesimama inaelekeza kwenye kikunjio. Pini iliyojikunja juu ya karatasi bila kupenya mara nyingi hutokana na karatasi kuwa nyingi au nzito kupita kiasi. Kikomo cha mashine nyingi ni karatasi 50 za gramu 80 kwa mita ya mraba, na karatasi za jalada hupunguza hesabu hiyo.

Toa katriji, inua kifuniko kidogo cha mbele, na uondoe kwa kibano pini zote zilizopinda, pamoja na ile ya kwanza hata kama inaonekana nzima. Ukirudisha katriji, isukume mpaka usikie mlio wa kushika. Usishangae nakala moja au mbili za mwanzo zikitoka bila pini, kwa sababu ubao wa pini lazima usogee mpaka mdomoni. Ikiwa stepla husafiri kwenye reli, isukume kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho ukiwa umezima umeme. Inapaswa kuteleza kwa uzito uleule safari nzima. Pini iliyoanguka kwenye reli hujulikana hapo hapo, kwa sababu stepla husita mahali palepale. Kagua pia nyaya zinazosafiri pamoja nayo: kwa kukunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara, waya hukatika ndani ya ganda lake, na hitilafu huja stepla ikiwa upande mmoja tu wa reli.

Kupanga, kutoboa, kukunja na kupandisha

Karatasi zikitoka na kingo zisizolingana, tazama yale mabawa mawili yanayozigonga ubavuni, na makafi ya mpira laini yanayozivuta nyuma. Mpira wa makafi ukikauka au kukatika, karatasi hazifiki kwenye ukingo wa nyuma, na pini hupigwa kwenye karatasi tatu kati ya nne. Mabawa nayo huanza kila kazi kwa kurudi kwenye kihisi chao cha nyumbani, yaani kile cha mahali pao pa kuanzia. Yakisogezwa kwa mkono, yote mawili yatembee kwa wepesi uleule.

Kwa kitoboleo, toa kwanza kisanduku cha vichele vya karatasi na ukimwage, kisha nyonya au fagia vilivyoanguka kandokando yake. Matundu yenye nyuzi nyuzi humaanisha ncha za kitoboleo zimekuwa butu, na hizo hubadilishwa, hazinolewi. Kwa kijitabu, mkunjo uliokosa katikati kwa milimita moja au mbili kwa kawaida hurekebishwa kwenye mipangilio. Mkunjo unaohamahama kutoka nakala hadi nakala ni rola zinazoteleza.

Trei inayokataa kupanda iondolee mzigo wote kwanza, uone kama inapanda ikiwa tupu. Ikipanda, chunguza mkanda na kapi zake. Isipopanda, sikiliza. Mota inayonguruma mahali pamoja inapambana na kitu kilichobana. Mlio wa kukatika unaorudi kwa mpangilio uleule, tak, kisha kimya, kisha tak, ni jino la gia lililovunjika, na unaweza kulipata kwa kuzungusha gia taratibu kwa mkono huku ukihesabu meno. Kimya kabisa kinaelekeza kwenye fyuzi, plagi iliyolegea au mota yenyewe, na hapo kazi ni ya fundi mwenye multimita, kifaa cha kupimia umeme.

Baada ya matengenezo

Rudisha vifuniko vyote, washa mashine, na upige nakala 20 za kurasa tano kwa kutumia kazi ileile iliyokuwa ikishindwa. Nakala mbili safi hazitoshi, kwa kuwa solenoidi inayonata na waya uliokatika ndani huweza kupita mara mbili bila kosa. Hitilafu ikirudi, andika namba iliyotokea, mahali ncha ya mbele ya karatasi iliposimama, aina ya karatasi, ilikuwa nakala ya ngapi, na mambo uliyokwisha kuyakagua. Fundi akifika na kukuta maelezo hayo, ataanzia pale ulipoishia.